Chai ya Mke wa Mwashi

"Anachemsha chai tena?"

Redio, jina walilompa kwa kupenda habari, aliondoa mguu kwenye pedali. Cherehani yake ikanyamaza, na cherehani ya Redio ikinyamaza ujue pana jambo.

"Tena," Mkasi akajibu, kidole kikiwa juu ya mstari. "Niacheni nimalize aya."

"Umalize nini, kaka yangu? Jana kachemsha chai. Juzi kachemsha chai. Leo kaamka, kafungua dirisha, kachungulia barabarani, mimi huku moyo unanidunda, nasema leo lazima kitu kitokee. Kumbe anarudi jikoni kutia maji kwenye birika! Huyu mwanamke ana shamba la majani ya chai?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata Mzee Pindo, ambaye huwa anacheka kwa mabega tu, safari hii alitoa sauti.

Ndivyo ilivyokuwa kila siku baada ya chakula cha mchana katika kile chumba cha kushonea. Macho yako kwenye uzi, mikono iko kwenye kitambaa, lakini masikio hayana kazi. Zamani walikuwa wanafungulia muziki kwenye simu, wakawa wanagombana: huyu anataka taarabu, yule anataka injili, mwingine anataka mpira. Mama Mkubwa, mwenye ofisi, akachoka. Akasema kuanzia leo mtasomewa kitabu. Na msomaji akawa Mkasi, kwa sababu yeye ndiye mkataji. Asubuhi anakata nguo zote za siku, mchana mkasi unapumzika, anakaa pembeni ya meza yake ndefu na kusoma. Sauti anayo. Nzito kidogo, haina haraka.

"Mimi naipenda hivyo hivyo," Mzee Pindo alisema, akiuma uzi. "Mnataka kila ukurasa mtu afe? Mwandishi anatembea taratibu, anaangalia nyumba, anaangalia sufuria. Nikipiga pindo nataka hadithi ya mwendo wa pindo."

"Mzee wangu, hii haitembei. Hii imekaa. Tena imekunja miguu."

"Wewe Redio ungependa wazaane ukurasa wa kwanza, waachane wa pili."

"Na wa tatu warudiane! Ndiyo maisha!"

Kwenye kona, karibu na dirisha, Sindano hakuwa anacheka. Alikuwa anashona vifungo kwenye koti la bwana harusi mmoja, kichwa chini. Jina hilo walimpa kwa mambo mawili: ni mwembamba, na ukimchokoza anachoma. Sasa aliinua uso.

"Mimi nina swali. Mkasi, hebu rudi nyuma. Umesoma kwamba mke wa mwashi anatia maji kwa mkono mmoja kwa sababu ule mwingine umefungwa bandeji. Bandeji imetoka wapi?"

"Eh!" Redio akadaka. "Kweli jamani! Ile bandeji ilifungwa lini?"

Mkasi akafunua ukurasa, akaufunika.

"Alianguka."

"Alianguka wapi? Sisi hatukusikia akianguka. Anapochemsha chai tunasikia, akianguka hatusikii?"

"Labda mwandishi kasahau kuandika."

"Mwandishi anayekumbuka idadi ya nyufa kwenye birika asahau mkono wa mtu?" Sindano aliuliza polepole, macho hayatoki kwa Mkasi.

Mkasi akajifanya amebanwa na kikohozi. Kisha akaendelea kusoma.

Hapo sasa ndipo mnatakiwa kujua kitu ambacho chumba kizima hakikukijua. Kile kitabu Sindano ndiye aliyemletea Mama Mkubwa. Alimwambia, "Wateja wanakisifu," akaishia hapo. Ukweli ni kwamba alikikuta mtandaoni, kwenye ukurasa ambapo wasomaji wanabishana kuhusu vitabu. Mmoja aliandika: "Mwendo wa konokono, nimelala mara mbili." Mwingine akamjibu: "Dada, hukukielewa. Hiki kitabu ni cha mwanamke anayepigwa ndani ya nyumba nzuri." Wa tatu akaandika: "Mambo kama haya si ya kuandikwa. Yabaki huko huko chumbani." Wa nne: "Mimi nimelia, mume wangu akaniuliza nina nini, nikasema vitunguu."

Sindano aliusoma ule mjadala mpaka mwisho, akaurudia. Yeye aliwahi kuolewa. Ofisini walijua hilo, na wakimuuliza ilikuwaje alijibu neno moja: "Tulishindwana." Watu wakaridhika. Aliyejua kilichotokea hasa alikuwa mama yake peke yake.

Halafu huyu Mkasi akamtongoza. Tena si kwa mbwembwe. Alimwambia siku moja wakifunga madirisha: "Sindano, mimi nataka kukuoa. Fikiria, sina haraka." Basi. Sindano akafikiria. Na kila akifikiria alifika mahali pamoja: nikimwambia yaliyonipata, uso wake utakuwaje? Atanionea huruma kama kuku mgonjwa? Atauliza, "Kwani ulimfanya nini?" kama walivyouliza wale wa kikao cha usuluhishi? Akaona kitabu kitangulie kumwambia. Mkasi akifika kwenye zile kurasa, yeye atamwangalia usoni tu, na jibu atalipata.

Sasa wamefika katikati ya kitabu na zile kurasa hazijafika. Chai tu.

* * *

Jioni hiyo walitoka pamoja, wakaenda mpaka kona ya duka la dawa ambapo njia zao huachana.

"Wewe kitabu unakionaje?" Sindano alianza.

"Kizuri. Kinakwenda taratibu."

"Nimesikia wasomaji mtandaoni wanasema kina mambo mazito ndani."

Mkasi akahamisha begi kutoka bega hili kwenda bega lile.

"Watu wa mtandaoni wanaongeza chumvi."

"Kwa hiyo hakuna?"

"Mpaka tulipofika... hakuna."

"Mkasi."

"Naam."

"Niangalie."

Akamwangalia. Lakini yule kijana aliyezoea kukata kitambaa cha hariri bila mkono kutetemeka, macho yake yalikuwa yanacheza kama mtu anayetafuta choo kwenye nyumba ya watu.

"Usiku mwema," Sindano akasema, akavuka barabara. Moyoni alikuwa anajiuliza: huyu kanidanganya nini, na kwa nini?

* * *

Kesho yake Mama Mkubwa alimchukua Mkasi waende kuchagua vitambaa vya sare za shule. Chakula kikaliwa, vyombo vikaoshwa, kila mtu akarudi kwenye cherehani yake. Msomaji hayupo.

"Mimi siwezi hivi," Redio akasema. "Masikio yananiwasha. Sindano, mdogo wangu, wewe umesoma vizuri. Kitabu kile pale mezani. Tusomee."

"Mkasi atanuna."

"Anune, amekinunua yeye? Soma! Hata akichemsha chai nitavumilia."

Sindano akaweka koti chini, akakiendea kitabu. Kilikuwa chini ya kipande cha chaki. Akakifungua pale palipowekwa alama, kisha akakumbuka bandeji. Akarudi nyuma ukurasa mmoja. Wa pili. Wa tatu ukakataa kufunguka.

Akajaribu kwa ukucha. Ukakataa.

Akakileta kitabu dirishani. Kurasa kadhaa zilikuwa zimeshikamana, zimebanwa kwa pini. Pini za kazini, zile za kichwa cheupe wanazobania pindo kabla ya kushona. Juu moja, chini moja, zimechomwa kwa ustadi ili kichwa kisionekane. Akarudi nyuma zaidi. Fungu lingine. Na lingine. Mpaka mwanzoni kabisa mwa kitabu.

"Mbona husomi?" Redio akauliza.

"Njoo uone."

Redio alikuja mbio, Mzee Pindo akafuata na miwani yake mkononi.

"Haya ni mashaka gani tena?" mzee akauliza. "Nani kashona kitabu?"

"Huyu mkataji wetu," Redio akasema, mkono kiunoni. "Kumbe tulidhani anakata nguo peke yake! Kakata na hadithi! Ndiyo maana tunakunywa chai tu humu! Chomoa, Sindano. Chomoa tuone alikuwa anakula nini peke yake."

Sindano alichomoa pini za fungu la kwanza. Mikono yake ilikuwa mitulivu. Akasimama pale pale dirishani, akasoma kwa sauti:

"Mke alikuwa amegundua jambo moja katika ndoa yake. Mwashi hakumpiga maji yakiwa motoni. Birika likiwa jikoni, maana yake huenda kuna mgeni njiani, na mbele ya wageni mwashi alikuwa mtu mwema kuliko wote mtaani. Basi mke akajifunza kuchemsha chai. Alichemsha asubuhi, akachemsha mchana, akachemsha chai isiyokuwa na mnywaji. Maji yakipungua aliongeza. Majirani wakamsifu kwa ukarimu."

Nje mtu alikuwa anapiga honi, akaacha.

Sindano akaendelea, fungu baada ya fungu. Akasoma siku ya mlango. Akasoma siku ya ngazi na jinsi mkono ulivyovunjika, na jinsi mwashi mwenyewe alivyomsindikiza hospitali akiwa amembebea mkoba, akimwambia muuguzi, "Mke wangu ana haraka sana huyu, haangalii anapokanyaga." Alisoma bila kukosea neno. Alipomaliza fungu la mwisho, akafunga kitabu juu ya kidole.

Redio alikuwa amekaa chini sakafuni, kwenye mabaki ya vitambaa.

"Na mimi nilimcheka," akasema. "Jamani, nilimcheka na birika lake."

"Sote tulicheka," Mzee Pindo akasema. "Mimi nilisema nafurahia mwendo. Mwenzetu alikuwa hana mwendo mwingine."

Redio hawezi kukaa na huzuni muda mrefu, lazima aigeuze kuwa habari. Akafuta macho, akamsogelea Sindano, akapunguza sauti, ingawa kwa Redio kupunguza sauti ni kusikika nyumba mbili badala ya tatu.

"Mdogo wangu, nikuambie kitu usinichukie. Yule kijana anakutaka, tunajua. Sasa jiulize. Mwanaume aone kurasa za mke anapigwa, azifiche. Anaficha nini? Mtu hafichi kioo kama hakuona sura yake ndani."

"Redio!" Mzee Pindo akakemea. "Usimsemee mtu asiyekuwepo."

"Mimi nauliza tu! Kuuliza dhambi?"

Sindano alirudi kwenye kona yake. Lakini lile neno lilimwingia, likakaa. Akatoa simu, akamwandikia Mkasi.

*Pini kwenye kitabu ni zako?*

Akaona Mkasi anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha.

*Pini gani*

*Za kichwa cheupe. Usinichekeshe Mkasi.*

*Nani kazitoa?*

*Mimi. Nimewasomea wote.*

Simu ikaita hapo hapo.

"Weka spika," Redio akanong'ona.

"Siweki." Akaipokea, akageukia ukutani. "Ndiyo."

"Sindano, usiendelee kusoma. Nakuomba."

"Kwa nini?"

"Siwezi kueleza kwenye simu. Nimebeba jora la kitambaa begani, na Mama Mkubwa yuko hapa anabishana bei."

"Neno moja tu. Kwa nini ulizifunga?"

Sauti ya Mama Mkubwa ikasikika kwa mbali: "Huu si uzi wa pamba, usinifanye mtoto!"

"Nakuja," Mkasi akasema. "Usiondoke."

"Siondoki," Sindano akajibu. "Safari hii siondoki mpaka nijue."

* * *

Walipoingia, Mama Mkubwa mbele na Mkasi nyuma akiwa amezibwa uso na majora, walikuta cherehani zote zimenyamaza na watu wote wameinama juu ya kazi zao. Mzee Pindo alikuwa anashona bila uzi.

"Kuna msiba?" Mama Mkubwa akauliza.

Redio hakusubiri kuulizwa mara mbili. Alieleza yote: pini, birika, bandeji, ngazi, muuguzi. Mama Mkubwa akasikiliza akiwa amesimama, kisha akachukua kitabu mezani, akapitisha macho ukurasa mmoja, akakifunga.

"Basi. Kitabu hiki kimeishia hapa. Mkasi alifanya la maana. Humu wanaingia wateja, wengine na watoto, wengine na waume zao. Mtu kaja kupima gauni la sherehe asikie mambo ya mkono kuvunjwa? Haya ni ya ndani ya nyumba."

"Lakini Mama Mkubwa, bila hizo kurasa hadithi haina maana," Redio akasema. "Tumechoshwa bure. Tulidhani mwandishi ndiye mzembe."

"Heri kuchoka kuliko kusikia haya. Niambieni, yanamsaidia nani? Asiyepigwa yatamtia hofu. Anayepigwa anayajua tayari, ya nini kumkumbusha?"

"Mimi nayajua tayari," Sindano akasema.

Alisema kawaida kabisa, kama mtu anayesema chumvi iko kabatini.

"Nayajua, Mama Mkubwa. Si kwa kusimuliwa. Na mimi nataka yasomwe. Nilipokuwa ndani ya ile nyumba, nilidhani ni mimi peke yangu duniani niliyejifunza kutambua hasira ya mtu kwa jinsi anavyoweka funguo mezani. Ningesikia hata ukurasa mmoja kwa mtu mwingine, ningetoka mapema zaidi."

Mama Mkubwa alikibana kitabu kwapani. Akavuta kiti, akaketi, kitabu kikiwa mapajani.

"Mwanangu," akasema. "Miaka yote hii ulituambia mlishindwana."

"Alinishinda nguvu. Sikusema uongo."

Redio alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akaishia kupiga chafya.

Sindano akamgeukia Mkasi. Alikuwa bado ameshika jora moja mbele ya kifua, kama ngao.

"Weka chini hiyo. Ulijua?"

"Sikujua." Akaweka chini. "Nilihisi."

"Ulihisi nini?"

"Siku ya kwanza tunaanza kitabu. Mwashi anarudi nyumbani, mwandishi anasema akaubamiza mlango. Neno lile tu, *akaubamiza*. Redio alisema, 'Haya, kazi imeanza.' Na wewe mkono wako uliruka, ukafunika sikio la kushoto. Halafu ukajifanya unajikuna. Nikatupa macho chini ya ukurasa nione kinachofuata. Nikakiona. Nikaruka."

"Ukaendelea kuruka."

"Nikawa nakipeleka nyumbani, nasoma mbele, nikikuta mahali pabaya naweka pini, ili kesho yake nisijisahau nikapasoma mbele yako."

"Kwa hiyo ulikwishajua, ukakaa kimya. Jana nimekuuliza kwenye kona, ukaniambia watu wa mtandaoni wanaongeza chumvi."

"Nilidhani nakulinda."

"Mkasi, mteja akiingia hapa, ukamkatia nguo kwa kumkadiria kwa macho, hujamwekea tepu, hujamuuliza anataka iishie wapi, huyo fundi tunamwitaje?"

Mkasi akaangalia sakafu.

"Fundi ovyo."

"Basi leo umekuwa fundi ovyo."

"Hiyo imempata," Redio akasema.

"Redio!" wakasema wote.

Mkasi akainua kichwa. Naye sasa damu ilikuwa imemchemka kidogo, sauti ikapanda, kisha akajiona, akaishusha.

"Sawa. Nimekosa. Na mimi niulize. Mama Mkubwa, kitabu hiki nani alikileta?"

"Sindano. Alisema wateja wanakisifu."

"Mteja gani?"

Sindano akamtazama Mama Mkubwa kwanza, kisha Mkasi.

"Hakuna mteja. Nilikileta mimi. Nilijua kina nini ndani. Nilitaka ufike pale nikuone uso."

"Kwa hiyo na wewe ulikuwa unanipima. Kimya kimya. Kila siku nimekaa pale nasoma, kumbe niko kwenye mtihani."

"Ndiyo. Nilikupima. Tepu haijaharibu kitambaa cha mtu, Mkasi. Wewe ulikata."

Mzee Pindo akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali bao la timu ya upande wa pili.

"Tena kuna jingine," Sindano akasema. "Redio anasema mwanaume anayeficha kurasa kama hizi, anaficha kwa sababu anajiona mwenyewe humo."

"Mimi?" Redio akashika kifua.

"Wewe. Wala hukosei kuuliza. Mimi nimejiuliza moyoni hivyo hivyo tangu mchana."

Lile lilimwumiza Mkasi kuliko yote. Lilionekana.

"Na umejijibu nini?"

"Sijajijibu. Sikujui kiasi hicho. Unanitaka, unanichekesha, unanisubiri kwenye kona, lakini sijakuona ukiwa mbele ya jambo baya. Nimekuona ukilikimbia tu." Akachukua kitabu kwenye mapaja ya Mama Mkubwa, akampa. "Soma. Pale pa ngazi. Nataka nisikie kwa sauti yako."

Mkasi alimwangalia Mama Mkubwa. Mama Mkubwa akainuka, akaenda mlangoni, akamwambia mteja aliyekuwa anapanda ngazi, "Samahani mwanangu, tumefunga kidogo, njoo kesho." Akarudi kuketi.

Mkasi akasoma.

Alianza vizuri. Alipofika mahali mke anashika ukuta, sauti ikakatika. Akarudia sentensi. Ikakatika tena. Hakuna aliyemsaidia. Redio alitaka kumpa maji, Sindano akamzuia kwa mkono. Akaendelea, neno baada ya neno, kama mtu anayepita kwenye miiba bila viatu, mpaka hospitali, mpaka kwa muuguzi, mpaka mwisho. Uso wake Sindano aliutazama wakati wote. Hakuona huruma ya kuku mgonjwa. Hakuona mtu anayejitafuta kwenye kioo. Aliona mtu ambaye inamuuma, na amebaki pale pale.

Mkasi akafunga kitabu. Akajifuta pua kwa mkono wa shati, mbele za watu.

"Naweza kuuliza?" akasema.

"Uliza."

Sindano alilisubiri lile swali alilolizoea. *Kwani ulimfanya nini?* Mabega yake yalikwisha kujikaza.

"Mimi huwa nakasirika," Mkasi akasema. "Si mara nyingi, lakini nakasirika. Siku nikikasirika ndani ya nyumba, wewe utajuaje kwamba siendi huko alikokwenda yule? Nifanye nini ili ujue?"

Sindano aliwahi kuulizwa mengi na watu wengi, wenye kanzu na wenye suti, lakini hili hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Sijui," akasema. "Ngoja nifikiri."

"Fikiri."

Akafikiri kweli. Watu wakasubiri. Redio alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Ukikasirika, sema. Kwa mdomo: nimekasirika. Usininyamazie ukawa unazunguka nyumba. Mimi kelele haziniogopeshi, kimya ndicho kinaniogopesha."

"Nitasema."

"Nikikuambia leo sitaki kuguswa, usidhani umenikosea, wala usiniulize mara kumi."

"Sawa."

"Na mkono ukiinuka, hata kama haujashuka, mimi siketi kwenye kikao cha mtu. Naondoka."

"Haki yako," Mkasi akasema. "Nami sitakuja kwa mama yako kukudai."

"Na usinifichie kitu tena kwa kisingizio cha kunilinda. Kama kinanihusu, niulize mimi kwanza."

"Nakuuliza basi. Mbele ya hawa hawa. Bado unafikiria, au nirudi mwakani?"

Sindano akamtazama. Kwa mara ya kwanza siku ile, kona ya mdomo wake ilisogea.

Alichukua simu, akapiga, na safari hii, bila kuombwa, akaweka spika. Redio alikaribia kuzimia kwa furaha.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mbona saa za kazi? Kuna nini?"

"Kuna mtu nataka umwone."

Mama akashusha sauti:

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu, mama. Aliuliza."

"Aliuliza ulifanya nini?"

"Hapana. Aliuliza yeye afanye nini."

Mzee Pindo akasogeza sikio akidhani mtandao umekatika. Halafu wakamsikia mama akivuta pumzi, na kitu kama kifuniko cha sufuria kikiwekwa mezani.

"Mlete Jumapili."

"Sawa mama."

"Anakula nini?"

Sindano akafungua mdomo, akagundua hajui.

"Mama anauliza," akasema, akimsogezea Mkasi simu, "unakula nini."